Kompyuta ya mwanafunzi: "bure" ya dukani ni mali ya nani?

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Msimu wa kujiunga na vyuo unapowadia, maswali tunayoulizwa mlangoni mwa msikiti hubadilika. Mzazi ana kijana aliyechaguliwa kusomea utengenezaji wa programu za kompyuta, ana fedha alizozikusanya kwa shida, na anataka kujua anunue kompyuta mpakato ya namna gani. Wengi huliona hilo kuwa ni swali la fundi peke yake. Sisi tunaona kwamba nusu yake ni ya fundi na nusu yake ni ya fiqhi, na kwamba nusu hizo mbili haziachani.

Mama mmoja wa mtaani kwetu, mshonaji, alitufikia hivi karibuni akiwa na shilingi laki sita na nusu alizozipata katika zamu yake ya upatu. Binti yake anasoma stashahada ya kompyuta, na kwa muhula mzima amekuwa akifanya mazoezi yake kwenye simu, usiku, kwa kidole kimoja. Mwenye duka alimwonyesha mashine mpya, nyembamba, yenye rangi ya fedha, akaahidi kumwekea Windows, Office na programu nyingine zote bila malipo. Mama akatuuliza: "Ustadh, mimi mambo hayo siyajui. Lakini hiyo bure anayonipa, ni yake au ni ya mtu?"

Hilo ndilo swali lenyewe, na wasomi wengi hulipita bila kuliuliza. Windows ni mali ya kampuni iliyoitengeneza, nayo huuzwa kwa leseni. Fundi "anapopiga Windows" kwa nakala iliyovunjwa kufuli, anagawa kisicho chake. Wapo wasemao kwamba programu haishikiki mkononi, kwa hiyo haiwezi kuibiwa. Jambo hili lilikwishazungumzwa na wanazuoni. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwezi Desemba 1988, lilipitisha azimio namba 43 kwamba haki za utunzi, za uvumbuzi na za alama za biashara ni haki za wenyewe, zina thamani ya kimali, zinalindwa na sharia, na haijuzu kuzivamia. Kijana anayejiandaa kuishi kwa kuuza programu atakazoziandika yeye mwenyewe anapaswa kulielewa azimio hilo kuliko mtu mwingine yeyote, kwani kesho mali itakayoibiwa itakuwa yake.

Upande wa fundi unakubaliana na upande wa fiqhi. Vifaa vingi vya kuvunjia leseni humtaka mtumiaji azime kwanza kinga ya virusi. Ni mgeni gani huyo anayetaka mlinzi aondolewe langoni kabla hajaingia? Mtengeneza programu hubeba ndani ya mashine yake siri za watu: leo ni mazoezi ya chuo, kesho ni daftari la wanachama wa ushirika, majina ya wagonjwa wa zahanati, malipo ya wateja wa duka. Hiyo ni amana. Mtu hawezi kuitunza ndani ya nyumba ambayo hajui nani mwingine ana ufunguo wake.

Sasa tumgeukie mzazi aliyekwisha kukubali, naye anauliza: basi tufanyeje, ikiwa leseni ni ghali?

Jibu la kwanza ni kwamba ipo bure iliyo halali. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Finland, aitwaye Linus Torvalds, alianza kuandika kiini cha mfumo endeshi kinachoitwa Linux. Kiini hicho, pamoja na kazi iliyotangulia ya mradi wa GNU ulioanzishwa na Richard Stallman mwaka 1983, hutolewa chini ya leseni inayomruhusu kila mtu kuutumia mfumo, kuunakili, kuubadili na kumpa mwenzake. Ruhusa imetoka kwa wenyewe. Mtu mmoja akiupakua, mtaa mzima unaweza kunufaika kwa flashi moja, na hakuna aliyedhulumiwa. Mfumo huo si wa maskini, kama baadhi ya wauza maduka wanavyopenda kudokeza. Simu za Android zimejengwa juu ya kiini cha Linux, seva nyingi zinazoendesha intaneti zinautumia, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zilizo katika orodha ya zenye nguvu zaidi duniani zinaendeshwa nao. Kijana anayejifunzia humo anajifunza mahali pale pale ambapo kazi yake itakaa.

Anayeanza achague Ubuntu au Linux Mint. Ubuntu ilitolewa mara ya kwanza Oktoba 2004 na kampuni ya Mark Shuttleworth, raia wa Afrika Kusini, na jina lake, kwa sisi Waswahili, halihitaji mkalimani: ni utu. Achukue toleo la LTS, ambalo hutoka kila baada ya miaka miwili na huhudumiwa kwa miaka mitano.

Jibu la pili huwashangaza wengi. Mashine nyingi za ofisi zilizotumika huja na leseni halali ya Windows iliyofungamanishwa na mashine yenyewe tangu kiwandani. Fundi huifuta, kisha huweka ya wizi juu yake kwa mazoea tu. Mnunuzi afungue mipangilio, sehemu inayoonyesha uhalali wa Windows, asome. Ikiandikwa kwamba imethibitishwa kwa leseni ya kidijitali, hiyo ni dalili njema. Ikiandikwa kwamba imethibitishwa kupitia huduma ya taasisi, na mnunuzi si mfanyakazi wa taasisi yoyote, basi aulize taasisi hiyo ni ipi. Hatusemi kwamba Windows ni haramu. Ipo kazi inayoihitaji, na ndani ya Windows halali mwanafunzi anaweza pia kutumia Linux kupitia kifaa kinachoitwa WSL.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kwenda dukani kijana aulize chuoni: tutafundishwa kwa lugha gani na kwa programu gani? Anayejifunza kutengeneza tovuti kwa PHP, Python au JavaScript atatosheka na RAM ya GB 8. Anayetengeneza programu za simu za Android, ambaye hufungua Android Studio pamoja na simu ya kuigiza ndani ya kompyuta, atateseka na GB 8, atafute 16. Chuo kinachofundisha kwa Visual Studio kamili kinahitaji Windows, hakuna ujanja. Na anayetaka kuandika programu za iPhone atalazimika kuwa na kompyuta ya Apple, kwa kuwa Xcode haifanyi kazi kwingineko. Mashine za Apple zenye chipu ya M1, zilizoanza kuuzwa Novemba 2020, ni nzuri na zinakaa na chaji muda mrefu, lakini RAM yake haiongezwi baada ya kununua, na bei yake inajulikana. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza tunaona ni kujikalifisha. Ama kijana anayeshikilia kwamba bila kadi kubwa ya picha hawezi kuandika programu, mzazi amuulize kwa upole jina la mchezo anaotaka kuucheza.

Turudi kwa ile mashine ya rangi ya fedha. Mashine mpya ya bei ya chini mara nyingi huwa na prosesa ya Celeron, RAM ya GB 4 iliyochomelewa isiyoongezeka, na hifadhi ndogo ya aina ya eMMC. Inang'aa, lakini kazi ya programu itaishinda kabla ya muhula kwisha. Kwa fedha hizo hizo, mashine ya ofisi iliyotumika, kama vile Lenovo ThinkPad, Dell Latitude au HP EliteBook, humpa mwanafunzi prosesa ya Core i5, RAM ya kuongezeka na diski ya SSD. Tunaipenda ThinkPad T480 ya mwaka 2018: ina nafasi mbili za RAM na betri mbili, moja ya ndani na moja ya kuchomoa, neema kubwa kwetu ambao umeme hukatika katikati ya kazi. Ila herufi moja hubadilisha habari: ile iitwayo T480s sehemu ya RAM yake imechomelewa.

Atazame pia namba ya prosesa. Katika i5-8250U, tarakimu ya 8 baada ya kistari ni kizazi cha nane, na kwa prosesa za Intel hapo ndipo Windows 11 inapoanzia kukubalika. Windows 10 iliachwa bila huduma ya kawaida ya usalama tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo mashine ya kizazi cha sita au cha saba, ikiwa nzima, haina mustakabali mzuri na Windows, lakini Linux huipa miaka mingine. Mwenye bajeti ndogo asiidharau.

Kununua kilichotumika kunataka macho. Tunajua kutoka katika Sahih Muslim namna Mtume (SAW) alivyopita kwa muuza nafaka sokoni, akaingiza mkono ndani ya lundo, akakuta unyevu uliofichwa chini, akamkemea muuzaji kwa kutouweka juu watu wakauona. Muuzaji analazimika kuidhihirisha aibu ya bidhaa yake, na mnunuzi naye asione haya kuingiza mkono.

Mkono wetu katika lundo hili ni flashi. Kijana aende dukani na flashi yenye Ubuntu, aombe mashine iwashwe kwa flashi hiyo. Mfumo utafunguka bila kugusa kilichomo ndani ya diski, naye ajaribu Wi-Fi, sauti, kamera, na kila kibonye cha kibodi kimoja baada ya kingine. Mashine ikidai neno la siri kabla hata ya kuwaka, au ikikataa kufungua mipangilio ya mwanzo, basi huenda bado ina kufuli la kampuni iliyokuwa ikiimiliki. Muuzaji akishindwa kulifungua pale pale, iachwe hapo. Huenda imeibiwa, na anayenunua kilichoibiwa hali anajua ni mshiriki. Betri ipimwe pia: ndani ya Windows, amri ya powercfg /batteryreport hutoa taarifa inayoonyesha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Iliyobaki na nusu, bei ishuke. Kibodi nayo itazamwe, kwani baadhi ya mashine zinazotoka Ulaya zina mpangilio wa herufi wa Kijerumani au Kifaransa, na mabano anayoyahitaji mtengeneza programu kila dakika hukaa pengine kabisa. Mwisho, risiti na muda wa kurudisha viandikwe. Ahadi ya mdomo huanza kusahaulika mlangoni.

Mjomba wa binti yule alikuwa na rai nyingine: ikopwe mashine ya milioni mbili na ilipwe kwa miezi na riba juu yake. Rai hiyo hatukuijadili kwa muda mrefu. Anayehitaji muda wa kulipa atafute muuzaji anayekubali bei moja iliyotajwa tangu mwanzo, isiyoongezeka kwa kuchelewa. Na ubadhirifu uliokatazwa katika Surat al-Israa, aya ya 26 na ya 27, haupungui ubaya kwa kuwa kitu kilichonunuliwa kinaitwa cha masomo.

Mama alinunua mashine iliyotumika ya kizazi cha nane, yenye RAM ya GB 8, akabakiza fedha za kuongeza nyingine nane baadaye. Binti aliweka Ubuntu mwenyewe jioni ile, na printa ya kaka yake ikagoma kwa siku mbili hadi alipopata dereva yake. Hilo tunalitaja makusudi, kwani Linux ina usumbufu wake: baadhi ya printa hukaidi, programu za Adobe hazimo, na mafaili ya Office hufunguliwa kwa LibreOffice ambayo mara nyingine huvuruga mpangilio wa kurasa. Mwanafunzi wa kazi hii hupata faida hata katika usumbufu huo, kwa kuwa kutafuta kilichoharibika na kukitengeneza ndiyo kazi yenyewe anayoisomea. Mzazi anayetaka kompyuta ya hesabu za duka ana udhuru wa kuchagua vingine.

Jambo moja limetusikitisha katika nyumba kadhaa: mtoto wa kiume hununuliwa kompyuta na wa kike huambiwa ajifunzie kwenye simu, ingawa wote wawili wako darasa moja. Programu haiandikwi kwa kidole kimoja. Ikiwa mashine ni moja, zipangwe saa, na ubao wa ratiba ukae sebuleni ambako kila mmoja anauona. Mashine nayo ikae huko huko sebuleni, kwa sababu nyingine ambazo wazazi wanazijua.

Ofisi ya kamati ina flashi mbili zenye toleo la LTS la Ubuntu. Anayekwenda kununua aje baada ya swala ya Alasiri, aandike jina lake daftarini, na airudishe ndani ya siku tatu ili mwenzake naye aitumie. Wabillahi tawfiq.