Kumbukumbu za kanda na vibanda vya video zisiishie kwenye simulizi

WATU wa makamo wanapokutana jijini Dar es Salaam, mazungumzo hayachukui muda kufika kwenye redio kaseti. Hukumbushana jinsi kijana alivyokaa kando ya redio, kidole juu ya kitufe cha kurekodi, akisubiri mtangazaji anyamaze ili aunase wimbo tangu mwanzo. Mara nyingi hakufanikiwa. Sauti ya mtangazaji iliingia ndani ya kanda na kubaki humo miaka yote, hata mwenye kanda akauona wimbo kuwa haujakamilika usipoanza na maneno yale.

Leo kijana wa umri huohuo hana haja ya kusubiri. YouTube imo ndani ya simu yake, na Spotify imekuwapo nchini tangu mwaka 2021. Anachokitaka hukipata kabla chai haijapoa. Hata hivyo, walioishi enzi zote mbili wanazungumzia ile ya kwanza kwa hamu, jambo linalozua swali: mtu aliyezungukwa na wingi anatamani nini katika siku za uhaba?

Uhaba wenyewe ulikuwa na sababu zake. Kwa Tanzania Bara, Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) ndiyo iliyotawala mawimbi hadi katikati ya miaka ya 1990, vilipoanza vituo binafsi kama Radio One na ITV mwaka 1994. Wanamuziki waliotaka kutoa santuri walilazimika kusafiri hadi Nairobi, na njia hiyo ikawa ngumu zaidi mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977 na kubaki hivyo hadi 1983.

Matokeo yake ni kwamba studio za RTD ziligeuka kuwa ghala la muziki wa taifa. Bendi kama Juwata Jazz, Vijana Jazz, Orchestra Maquis na Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, zilirekodi huko. Nyimbo nyingi zilirekodiwa kwa ajili ya kupigwa redioni, si kuuzwa dukani. Aliyetaka kuzisikia alisubiri zamu yake, au alituma kadi ya salamu kwa posta na kutaja wimbo autakao. Betri zilipolegea zilianikwa juani ili zisukume kipindi kimoja zaidi.

Filamu nazo zilikuwa na safari yake. Katikati ya jiji walikuwapo Avalon, Empire na Empress, ambako familia zilijaza viti kutazama sinema za Kihindi. Msasani kulikuwa na sinema ya wazi ya kutazama ukiwa ndani ya gari, iliyofunguliwa mwaka 1966. Eneo hilo sasa lina ubalozi wa Marekani. Deki zilipoenea, sinema ilihamia mitaani. Kibanda cha mabati, benchi za mbao, runinga moja na ubao wa chaki mlangoni vilitosha kuwakusanya vijana wa mtaa mzima. Wasiojua Kiingereza wala Kichina walihudumiwa na watafsiri kama Lufufu, waliosimulia filamu kwa Kiswahili na kuongeza vionjo vyao hadi hadithi ikawa ya Kibongo.

Ukizichunguza njia hizo zote, utaona kwamba katikati yake alikuwapo mtu. Alikuwapo mtangazaji, muuza kanda wa Kariakoo, mwenye kibanda, mtafsiri, au kaka wa jirani aliyerudi safari na kanda mpya. Mtu huyo alifahamika kwa jina na kwa sura. Akikusifia filamu mbovu, kesho yake ulimfuata kumlaumu, naye alijitetea. Ladha ya muziki na filamu ilijengwa katika ubishi wa namna hiyo. Leo kazi ya kuchagua inafanywa na programu inayopima ulichotazama jana ili ikupe kinachofanana nacho kesho. Haina aibu ya kukosea na haibishani na mtu. Isitoshe, wimbo uliopigwa usiku mmoja kwa nchi nzima uliwapa watu wasiofahamiana jambo la kuzungumza asubuhi ndani ya daladala. Sasa abiria wawili waliokaa kiti kimoja, kila mmoja na spika zake masikioni, wanaweza wasiwe na wimbo hata mmoja wanaoufahamu wote.

Pamoja na hayo, itakuwa kosa kuzipamba enzi zile kupita kiasi. Mlango mmoja ukiwa na bawabu mmoja, bawabu akikataa hakuna pa kupitia. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku jijini Dar es Salaam kwa maelezo kwamba unapotosha vijana. Mtoto wa kike aliyeonekana kwenye kibanda cha video alijitafutia maneno nyumbani. Na zile kanda zilizonakiliwa na kuuzwa kwa bei chee, ambazo leo zinakumbukwa kwa tabasamu, hazikumwachia mwanamuziki hata senti. Sheria ya hakimiliki iliyotungwa mwaka 1999 iliwakuta wengi wakiwa wamekwisha kuzeeka, na wengine wakiwa kaburini.

Lililo zito zaidi ni hatima ya yale yaliyorekodiwa. Kizazi kinachotafuta kila kitu mtandaoni huanza kuamini kwamba kisichoonekana huko hakikuwahi kuwapo. Baadhi ya rekodi za RTD zimetolewa upya Ulaya, zikiwamo zilizo katika mfululizo wa Zanzibara wa kampuni ya Ufaransa ya Buda Musique. Nyingine zimepandishwa mtandaoni na wapenzi wa muziki, mara nyingi bila mwaka, bila jina la mtunzi, na pengine zikiwa na jina la bendi isiyohusika. Masimulizi ya watafsiri wa filamu yamo hatarini zaidi, kwa kuwa yalirekodiwa juu ya kazi za watu wengine na wachache waliyaona kuwa na thamani ya kuhifadhiwa.

Hapo ndipo hamu ya wazee inapoweza kuzaa kitu. Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC), mrithi wa RTD, lina wajibu wa kuhakikisha maktaba yake inanakiliwa, inaorodheshwa kwa usahihi na kufunguliwa kwa umma, huku wanamuziki na warithi wao wakilipwa stahili zao. Nyumbani nako kuna masanduku ya kanda yaliyosahauliwa juu ya makabati. Huenda ndani ya mojawapo kuna kipindi ambacho hakikubaki popote pengine, pamoja na ile sauti ya mtangazaji iliyomwudhi kijana wa siku zile.

Wanaoweza kuisikiliza sauti hiyo na kusema ni ya nani, bendi ipi na mwaka gani, wanapungua kila mwaka. Kanda nayo huliwa na unyevu na ukungu, iwe inachezwa au haichezwi.