Ushauri Nasaha na Nguvu za Kiume: Majibu kwa Wanaoubeza

Vijiweni, mwanaume aliyepungukiwa nguvu akishauriwa kumwona mshauri nasaha, hoja za kumkatisha tamaa huwa zilezile. Nazijibu, kwa sababu kila moja humrudisha mtu kwa muuza vumbi la Kongo, ule unga unaouzwa mitaani kama dawa ya nguvu.

"Huu ni ugonjwa wa mwili, maneno hayasimamishi kitu." Uume husimama unapojaa damu, na kujaa huko kunaongozwa na ubongo kupitia neva. Hofu huamsha adrenalini, nayo hubana mishipa, damu ikakosa njia. Aliyeshindwa usiku mmoja kwa uchovu au pombe huingia kitandani usiku wa pili akijichunguza: itakuwaje leo? Kule kujichunguza kunatosha kumwangusha tena. Tena mwili wenyewe hutoa ushahidi. Mwanaume mwenye afya husimamisha mara tatu hadi tano kwa usiku akiwa usingizini. Anayeamka alfajiri akiwa imara, kisha akalegea mbele ya mkewe, huenda mishipa yake haina kasoro kubwa. Huyo hata umpe mizizi ya msitu mzima, hujagusa kinachomsumbua.

"Ni kupiga soga tu." Hapana, kuna kazi ya kufanya. William Masters na Virginia Johnson, waliofanya utafiti wao St. Louis, Marekani, walieleza tiba yao katika kitabu cha mwaka 1970. Wanandoa hukatazwa kwanza kuingiliana. Hupapasana mwili, sehemu za siri zikiachwa kando, kisha huongeza hatua kidogo kidogo. Katazo lile ndilo linaloponya: pasipo mtihani hakuna kufeli, na hofu hukosa pa kushika. Kwa wanaofika kileleni mapema, daktari James Semans alieleza mwaka 1956 njia ya kusisimua hadi karibu na kilele, kusimama, kutulia, kisha kuanza upya. Mazoezi haya hufanywa nyumbani, faraghani. Mshauri hamshiki mtu wala hatazami. Akitaka kufanya hivyo, huyo si mshauri.

"Vidonge vipo." Vipo, na vimesaidia wengi tangu Viagra ilipoidhinishwa Marekani mwaka 1998. Lakini sildenafili, dawa iliyomo ndani ya Viagra, hukuza msisimko uliokwisha kuanza; hamu haiileti, na ugomvi wa miezi sita haiuondoi. Ikikutana na dawa za moyo zenye naitreti, presha huporomoka kiasi cha kuua. Wala mitishamba ya barabarani si kimbilio: mamlaka ya dawa ya Marekani imekuta mara nyingi bidhaa zinazoitwa za asili zikiwa na sildenafili iliyofichwa. Mnywaji hajui amemeza nini, wala kiasi gani. Kidonge alichoandika daktari na ushauri vinaweza kwenda pamoja vizuri kabisa.

"Siri za chumbani hazitolewi nje." Mbona Pwani bibi harusi hukabidhiwa kwa somo, akafundwa mambo hayohayo? Mume naye anastahili mtu wa kumfunda.

Iko hoja ya upande wa pili, na hiyo ndiyo inayonikera zaidi: "Ni mawazo tu, tulia." Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, hivyo mara nyingi huanza kuonyesha kasoro mapema. Nguvu zinazofifia taratibu, hata alfajiri, zinaweza kutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka, au kufichua kisukari. Baadhi ya dawa za presha na za sonona nazo hupunguza nguvu, ingawa hakuna anayepaswa kuziacha bila kuongea na daktari wake. Mshauri anayeijua kazi yake huuliza mapema: umepima sukari? Presha je? Unatumia dawa gani? Asipouliza hayo, mtafute mwingine. Vipimo hivyo viwili ni vya kawaida hospitalini. Vifanye kwanza, uende na majibu, na mkeo akiridhia mwende wote wawili.