Mapafu yapimwe kabla ya kukataliwa

Miongoni mwa viungo ambavyo marehemu anaweza kumwachia binadamu mwenzake, pafu ni kati ya vile vinavyoharibika upesi kabisa. Mtu aliyeumia kichwa na kulazwa kwenye mashine ya kupumulia huweza kuingiwa na matapishi kifuani, mapafu yakajaa maji na nimonia ikafuata. Ndiyo maana hata katika nchi zenye hospitali bora, mapafu mengi yanayotolewa kwa hiari hukataliwa.

Masharti ya zamani yanafahamika. Mtoaji awe na umri chini ya miaka 55. Asiwe amevuta sigara kwa kiasi cha pakiti moja kwa siku kwa miaka 20. Picha ya eksirei iwe safi, njia za hewa zisiwe na usaha, na akipewa oksijeni tupu, kipimo cha oksijeni katika damu yake kizidi milimita 300 za zebaki.

Hatuwalaumu waliotunga masharti hayo. Mgonjwa wa kwanza kupandikizwa pafu, aliyepasuliwa na Dakta James Hardy huko Mississippi, Marekani, mwaka 1963, aliishi siku 18 tu. Ilipita miaka 20 kabla ya mafanikio ya kudumu kupatikana mjini Toronto, Kanada, mwaka 1983. Daktari aliyeumwa na nyoka hana budi kuogopa ung'ongo.

Lakini yafaa ieleweke kwamba woga nao huua. Anayekufa kwa sababu ya pafu bovu huandikwa, na daktari wake huulizwa. Anayekufa akilisubiri pafu ambalo lingemfaa, nalo limetupwa, hakuna anayeulizwa habari zake.

Ushahidi upo. Nchini Uingereza, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2012 ulifuatilia wagonjwa 1,295 waliopandikizwa mapafu, na 510 kati yao walipewa ya watu waliowahi kuvuta sigara. Hawa hawakuishi muda mrefu sawa na wenzao. Hata hivyo, nafasi yao ya kuishi ilikuwa bora kuliko ya wale waliobaki katika orodha wakisubiri.

Je, pafu lenye mashaka litajulikanaje? Pafu lililolazwa katika barafu haliwezi kuulizwa lolote. Mwaka 2000 Profesa Stig Steen na wenzake mjini Lund, Uswidi, walilipima pafu nje ya mwili, kisha wakampandikiza mgonjwa. Madaktari wa Toronto waliiendeleza njia hiyo. Pafu hupashwa joto hadi nyuzi 37, maji maalumu hupitishwa katika mishipa yake, nalo hupuliziwa hewa taratibu kwa saa kadhaa. Hapo huonekana kama linapitisha oksijeni, kama linakakamaa, au kama linavimba.

Katika majaribio yao yaliyotangazwa mwaka 2011, mapafu ya watoaji 23 yaliyotiliwa mashaka yalipimwa hivyo, na ya watoaji 20 yakapandikizwa. Madhara makubwa katika saa 72 baada ya upasuaji hayakuwa zaidi ya yale yaliyowapata waliopewa mapafu ya kawaida. Na tusisahau yale matatu ya mwisho: kipimo kilichojua kusema ndiyo kilijua pia kusema hapana.

Mashine hiyo ni ghali, inahitaji mafundi, wala haiondoi wajibu wa daktari kutumia akili yake. Lakini hoja yetu ni moja. Umri wa mtoaji na sigara alizovuta ni dalili tu. Hukumu itokane na hali ya pafu lenyewe. Na mgonjwa aelezwe wazi hatari ya kulipokea na hatari ya kuendelea kusubiri, kwani maisha yanayopimwa katika mizani hiyo ni yake.

Familia inayokubali kutoa kiungo cha marehemu wake, katika saa ya msiba, imetoa kikubwa. Heshima ndogo kabisa inayostahili ni kwamba zawadi hiyo isitupwe kabla ya kupimwa.