Daftari la wiki: Mtoto njiani

Goma siku hizi mlio wowote wa injini angani unatoa watu nje ya nyumba. Ni hivyo tangu Rais Macron aliposema Paris, tarehe 30 Oktoba 2025, kwamba uwanja wetu wa ndege utafunguliwa kwa ajili ya misaada. Sisi wasafiri wa kawaida bado tunazunguka. Kabla vita havijaufunga uwanja Januari 2025, mtu aliondoka Goma asubuhi na mchana akala Kinshasa. Sasa unavuka mpaka hadi Gisenyi, unapanda basi, unatafuta ndege Kigali, Entebbe, Nairobi au Addis Ababa, na hata ukiwa Kigali ndege zilizosajiliwa Rwanda haziruhusiwi katika anga ya Kongo tangu Februari 2025. Kutoka mji mmoja wa Kongo kwenda mwingine unagongewa mihuri ya nchi za watu. Mtu mzima ananung'unika, kisha anazoea. Wiki hii nimewafikiria wanaobebwa mgongoni katika mizunguko hii, ambao hakuna aliyewauliza kama wako tayari.

*

Kwenye basi mtoto halipi kiti, lakini mfuko wa nepi zake umepimwa na kulipishwa kama gunia la mfanyabiashara. Aliyeweka sheria hiyo hajawahi kumbeba mtoto hata hadi Sake, hapo jirani.

*

Tulikwama Entebbe. Tulikuwa tumekesha barabarani, Gisenyi hadi Kampala kwa kupitia Kabale na Masaka, mimi na mwanangu wa miezi minane, tukienda kwa baba yake ambaye kazi ya serikali ilimhamishia Kinshasa kabla mtoto hajazaliwa. Shirika la ndege sitalitaja. Tuliambiwa kuna hitilafu, safari ni kesho usiku, na watu wakaanza kuusukuma ule mstari kana kwamba anayefika mbele atapewa ndege yake peke yake. Mama mmoja wa Butembo akanishika mkono: "Mama, usisimame mu mulongo na mutoto. Kaa pale, mimi nitakushikilia nafasi." Alikuwa na safari yake na uchovu wake. Alisimama kwa ajili yetu hadi tukapata karatasi ya hoteli, na kabla sijamaliza kumwambia aksanti alikuwa ameshapotea kwenye umati.

Nikiwa pale niliamua jambo moja, na nawashauri wazazi wote: muda wa kukwama upeni saa za mtoto. Mtu mzima aliyekwama hutaka habari. Anarudi dirishani kila baada ya dakika kumi, anapiga simu, anagombana, anashika simu nyingine. Mtoto hajui kuna ndege. Anajua kunyonya, kulala, kusafishwa na kutambaa, na mambo hayo manne yanatosha kuijaza siku nzima bila ugomvi wowote. Nikaacha kuuliza ndege itaondoka saa ngapi, nikaanza kuuliza mwanangu atalala saa ngapi.

Kwanza begi. Nepi, nguo na unga wa sosoma vilikuwa vimekwisha kupelekwa na mizigo, na kuvirudisha kulichukua hadi jioni. Kwa hiyo mahitaji ya mtoto ya mchana mzima na usiku mzima yakae kwenye mfuko wa mkononi, hata safari ikiwa ya saa mbili. Vitenge viwili: kimoja cha kubebea, kingine cha kutandika, kujifunika unaponyonyesha, na kuzuia taa za uwanja zisimpige machoni. Chupa ya maji ya moto. Pakiti mbili za chumvi za kurudisha maji mwilini mtoto akiharisha, kila moja ya kuchanganya na lita moja ya maji safi. Ukiwa nazo, tumbo la mtoto likifunguka usiku wa manane hutaanza kutafuta duka la dawa katika mji usioujua.

Pili chandarua. Goma iko juu, baridi yake inatupunguzia mbu, na tukishuka hadi Ziwa Viktoria tunasahau kwamba malaria ya huko haimsamehe mgeni. Nilikiomba mapokezi kabla ya kuomba chakula, na wakakileta. Mpishi wa hoteli naye hakuwa na sosoma yangu ya soya, mtama na mahindi, akapika uji wa ulezi, akaupoza kwa kuumimina kikombe hadi kikombe, akakaa karibu kuona kama utaliwa. Uliliwa wote.

Asubuhi tukaenda kwenye bustani ya mimea, ile iliyoanzishwa mwaka 1898 kando ya ziwa, si mbali na uwanja wa ndege. Wengine waliokwama nasi walibaki hotelini na simu zao, na niliwahurumia. Mtoto wa Goma hukulia juu ya mawe. Nje ya mlango wetu ni lava ya Nyiragongo, nyeusi, yenye meno, kwa hiyo anajifunza kutambaa kwenye saruji au mkeka, na kila akielekea mlangoni kuna mtu wa kumrudisha. Pale Entebbe nilitandika kitenge juu ya majani yaliyokatwa vizuri, nikamweka, nikasogea nyuma. Alifika ukingo wa kitenge akagusa nyasi. Akarudisha mkono haraka. Nilipomnyanyua nimsimamishe juu yake, akakunja miguu yote miwili ili isiguse. Ilichukua muda mrefu. Mwishowe njaa ya kujua ikashinda woga: akang'oa jani moja, akalitazama pande zote, akaanza kutambaa, na safari hii hakuna aliyemrudisha.

Juu ya miti kulikuwa na mbega weusi wenye manyoya meupe, ambao watu hulipa nauli kuja kuwaona. Hakuwatazama kabisa. Kilichomteka ni fagio la mzee aliyekuwa akifagia majani makavu, na mzee alipoona hivyo akafagia polepole zaidi, akitukaribia, mpaka fagio likafika mbele ya pua ya mtoto. Ziwani hatukuingia, hata miguu, kwa sababu ya kichocho. Nikampigia baba yake kwa video. Alikuwa hajawahi kumshika mtoto huyu. Akamwona akitambaa kwa mara ya kwanza kwenye nyasi za nchi nyingine, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama kuna siafu.

Hakukuwa na siafu. Niliangalia kwanza.

*

Mpakani ofisa wa afya alitaka kadi ya njano ya mtoto wa miezi minane. Chanjo ya homa ya manjano huanza kutolewa miezi tisa, na kalenda yetu ya chanjo Kongo inasema hivyo hivyo. Nilifungua kijitabu chake, nikaonyesha tarehe ya kuzaliwa, na mambo yakaisha. Kijitabu kile kisafiri nanyi daima, na kiwe juu ndani ya mfuko.

*

Jambo ambalo sitaacha kulisema. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Ulaya wana kanuni namba 261 ya mwaka 2004, na ndani yake imeandikwa waziwazi kwamba abiria aliyecheleweshwa sana apewe chakula, na ikibidi kulala, apewe malazi na usafiri wa kufika huko. Mkataba wa Montreal wa 1999 nao unaibebesha kampuni hasara ya kuchelewa, isipokuwa ikithibitisha kwamba ilichukua kila hatua iliyowezekana. Lakini mama aliyesimama dirishani usiku hahitaji kesi. Anahitaji kitanda. Viongozi wa Jumuiya walioko Arusha waandike kanuni fupi ya ukanda wetu: mwenye mtoto mchanga ahudumiwe wa kwanza, apewe maji yaliyochemshwa, apewe begi la mtoto wake bila kuomba mara tano. Karatasi moja inatosha. Tumekuwa wanachama, na sisi wa mashariki ndio tunaotumia viwanja vya ndege vya majirani zaidi kuliko Wakongo wengine wote.

*

Noti ya dola kumi yenye mkato mdogo kuliko ukucha wa mwanangu: imekataliwa Goma, imekataliwa Gisenyi, imekataliwa Kampala. Na benki nyingi za Goma zilifungwa Januari 2025, basi nani ataipokea?

*

Mtu usiyemjua akitaka kumbusu mtoto mdomoni kwenye foleni ya mpaka, mkatalie. Mkatalie kwa heshima, "pole tate, bado mudogo", lakini mkatalie.

*

Kwa wanaoshika barabara ya Sake. Gari likiharibika usiku au alfajiri, usitandike kitenge kwenye bonde dogo kando ya njia ati pana kinga ya upepo. Upepo ndio rafiki yako hapo. Mazuku ni gesi ya kabonidioksidi inayotoka ardhini katika nchi yetu ya volkano. Ni nzito kuliko hewa, haina rangi, na hukaa mashimoni, hasa kabla jua halijatoka. Mtu mzima aliyesimama anaweza kuwa na kichwa juu yake wakati mbuzi na mtoto aliyelazwa chini wamezama ndani yake. Ukiona ndege au panya wamekufa kwenye shimo, ondoka. Mtoto abaki mgongoni, na ninyi mbaki palipoinuka. Wazee wa Bulengo wanayajua haya. Wageni wengi waliofikia huko kwa kukimbia vita hawakuyajua.

*

Kabla ya kila safari naandika namba mbili za simu kwa kalamu isiyofutika ndani ya nguo ya mtoto, yangu na ya baba yake. Wapo wanaoniona mwenye hofu nyingi. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipopasuka, watu walikimbilia Gisenyi na Sake gizani, na siku iliyofuata UNICEF ilisema watoto zaidi ya 150 wametengana na familia zao na zaidi ya 170 wanahofiwa kupotea. Siku chache baadaye, tarehe 27, tukaambiwa tena tuhame, sehemu kubwa ya mji, na barabara ya Sake ikajaa magodoro. Watu wa Msalaba Mwekundu walizunguka wakiuliza watoto majina ya wazazi. Mtoto wa miaka mitano anasema "mama". Wa miezi minane hasemi kitu. Kalamu ile ni ya bei ya maandazi mawili.

*

Na sasa ziwa letu la Kivu, ambalo wasomaji wanajua sitalinyamazia. Wiki hii boti ya Bukavu ilichelewa kutoka kwa sababu ya upepo, na abiria wakamtukana nahodha. Mimi nilimshukuru, na niliwaambia hivyo waliokuwa karibu nami. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi, kwa kuwa vita vilikuwa vimekata barabara, ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, Goma, huku watu waliokuwa ufukweni wakisubiri ndugu zao wakiwaona. Tuliwazika makumi. Mama zangu wa Kituku, mnaouza sambaza pale pale maji yalipowarudisha marehemu, hamhitaji mimi niwakumbushe.

Tangu siku ile jile za kuokolea zinatajwa katika kila mkutano. Lakini mara zote ninapopanda naangalia saizi, na karibu zote ni za mtu mzima. Mvalishe mtoto mchanga jile ya mtu mzima, mwingize majini: atapita chini yake, na jile itabaki inaelea peke yake. Jile ya mtoto ina kola ya kumshikilia kichwa na mkanda unaopita katikati ya miguu. Zipo duniani, zinatengenezwa kwa uzito wa mtoto, na mwenye boti anayenunua injini mpya anaweza kununua kumi. Mama asiyeipata afanyeje? Mtoto aliyefungwa mgongoni kwa kitenge hawezi kuogelea, wala mama yake hawezi kumfungua kwa haraka. Nimewaona kina mama wakimhamishia mtoto kifuani na kulegeza fundo mara boti inapoanza kuyumba, na sijui nani aliwafundisha.

Kwa hiyo nawauliza wenye vyombo vya Goma na Bukavu, kila mmoja: jile za watoto wachanga mna ngapi, na zimewekwa wapi? Jumatatu nitapita bandarini na daftari hili. Majibu nitayaandika hapa wiki ijayo, chombo kwa chombo.