Tumbo la Yatima Si Jalala

Jumamosi iliyopita, katika kituo kimoja cha kulelea watoto yatima jijini Dar es Salaam, nilishuhudia hisani iliyoniudhi kuliko wizi. Wafadhili walifika na kirikuu kilichosheheni, wamevaa fulana zenye jina la kikundi chao, na mpiga picha katangulia. Wakashusha katoni za mtindi, soseji na makopo ya maziwa ya watoto wachanga. Watoto wakapangwa mstari, wakaimba, wakapigwa picha. Wageni walipokuwa wanajiandaa kuondoka, mama mlezi akafungua katoni ya kwanza. Vifuniko vya mtindi vilikuwa vimetuna, na tarehe yake ilikwisha pita. Kwenye soseji hali ni hiyo hiyo. Makopo ya maziwa yalikuwa na miezi kadhaa tangu muda wake uishe. Aliposema kwa adabu kwamba hivi hawezi kuwapa watoto, mmoja wa wageni akamjibu: "Mama, kutupa chakula ni dhambi. Vichemshe tu, hawatadhurika."

Sikumwona yeye wala mwenzake yeyote akifungua kikopo kimoja akaonja.

Sababu tunazijua sote. Mwagizaji kaleta mzigo uliobakiza wiki chache kwa kuwa aliupata kwa bei ya kutupa, mwenye duka hataki hasara, na kuuteketeza kuna gharama. Basi mzigo unatafutiwa tumbo lisilouliza maswali. Tumbo hilo ni la yatima, la mfungwa, la mwathirika wa mafuriko, la bibi kizee asiyesoma maandishi madogo. Tukishamlisha, tunajiita wema.

Simtetei anayetupa chakula. Ripoti ya mwaka 2024 ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, inasema kwamba katika mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya hicho ilitoka majumbani, si madukani wala hotelini. Ni aibu, hasa katika nchi ambamo kuna mtoto anayekwenda shule bila chai. Tena si kweli kwamba kila tarehe ikipita chakula kinageuka sumu usiku huo huo. Codex Alimentarius, chombo cha viwango vya chakula kilicho chini ya FAO na WHO, mwaka 2018 kilinyoosha kanuni zake za lebo na kutenganisha tarehe mbili. Iko tarehe ya ubora: ikipita, ladha au ulaini hupungua, lakini chakula kilichotunzwa vizuri huenda bado kikalika. Na iko tarehe ya mwisho ya matumizi: ikipita, hakiliwi, basi. Tambi kavu au mchele uliokaa pakavu ni habari moja. Soseji, samaki, mtindi na maziwa ya mtoto mchanga ni habari nyingine kabisa.

Kwa hiyo aliye nyumbani kwake, na pakiti yake ya tambi, aamue mwenyewe. Ni tumbo lake. Lakini hana haki ya kumwamulia mtoto wa miaka minne ambaye hawezi kusoma, hawezi kukataa, na akiugua hana wa kumkimbiza hospitali ila mlezi mmoja mwenye watoto wengine lukuki mgongoni. Na hilo la "chemsha tu" tuliache leo hii. Ziko sumu za bakteria ambazo moto wa jiko hauzimalizi. Na pua nayo isituhadae: mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Ugali ule ulipikwa ukaiva, na waliokula walikuwa na pua zao.

Tusidhani tatizo ni kikundi kimoja chenye fulana. Mei 2023, jirani zetu Kenya waliwasimamisha kazi maofisa 27 wa serikali baada ya magunia 20,000 ya sukari iliyokwisha kutangazwa kuwa haifai kuliwa kutolewa ghalani kwa njia za panya. Sukari ile iliagizwa mwaka 2018, na ilipaswa kugeuzwa kuwa spiriti ya viwandani. Hapa kwetu pia wapo wanaofuta tarehe kwa thina na kugonga muhuri mpya, na wapo wanaobandika lebo juu ya lebo. Hao ni wahalifu, na mahali pao panajulikana. Ila wahalifu hao wanategemea kimya chetu. Tunaona, tunanong'ona, tunanunua kwingine, tunaondoka. Anayekuja nyuma yetu ndiye anayekula.

Ndugu zangu, kimya hicho kiishe. Na hakitaisha kwa mtu mmoja.

Wenye maduka, tengeni rafu moja mlangoni kwa bidhaa zinazokaribia kuisha muda. Andikeni kwa herufi kubwa kwenye kadibodi: zinaisha mwezi huu, bei nusu. Zitaondoka. Kisichoondoka, kitoeni sadaka kikiwa bado na siku zake, si siku ya mazishi yake. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2016 kuyazuia maduka makubwa kuharibu chakula kinacholika, na kuyataka yawe na makubaliano ya kukitoa kwa mashirika ya hisani. Sisi tunashindwa nini kuanza kwa hiari, mtaa kwa mtaa, wakati sheria ikisubiriwa?

Vikundi, vikoba, kamati za harusi, wanakwaya, wanamadrasa: kabla ya kupeleka kitu, pigeni simu kituoni muulize kinachohitajika. Mara nyingi mtaambiwa mchele, maharage, mafuta, sabuni, ada ya shule. Nunueni hicho. Na chochote msichoweza kukiweka mezani mbele ya watoto wenu, kibaki na ninyi.

Walezi, ninyi ndio lango. Wekeni daftari la mapokezi: kitu gani, tarehe gani, kimeletwa na nani, saini. Katoni zifunguliwe kwanza, picha baadaye. Kibaya kirudi na aliyekileta. Najua mnachoogopa, kwamba mfadhili atakasirika asirudi tena. Ndiyo maana nawageukia majirani: kituo kikikataa sumu kisilale njaa kwa ajili hiyo. Kila nyumba ya mtaa ikitoa kilo moja ya unga, mlezi atakuwa na ubavu wa kusema hapana.

Wanunuzi, geuzeni pakiti. Linganisheni tarehe ya katoni na ya pakiti iliyomo. Kopo lililovimba liacheni. Mkikuta tarehe imefutwa, msiishie kusonya: pigeni picha, tunzeni risiti, pelekeni taarifa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lenye dhamana ya usalama wa chakula, au kwa afisa afya wa kata. Mmoja akilalamika ataitwa mkorofi. Wakilalamika kumi kuhusu duka lile lile, litafikiwa.

Viongozi, kuanzia wenyeviti wa mitaa hadi wabunge, simamieni. Mzigo uliokataliwa uteketezwe mbele ya macho ya watu, pakiti zikiwa zimechanwa, usije ukaibuka gulioni wiki inayofuata. Na sisi majumbani tupike kinachozeeka kabla ya kinachopendeza.

Wahubiri na masheikh, semeni Ijumaa na Jumapili kwamba kutupa chakula ni dhambi, naam, na kumlisha yatima uchafu ni dhambi kubwa zaidi. Israfu haisafishwi kwa kumhamishia mnyonge.

Nawasihi, tusisubiri mazishi ya watoto ndipo iundwe tume. Anayetaka kutoa, atoe leo, chakula kikiwa bado chakula. Asiyetaka, na abebe hasara yake mwenyewe.