MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Kimondo si Dawa



Aketiye nje usiku baada ya chakula huweza kuona zinga la moto likipita angani, likimulika mapaa na miti kama mbalamwezi, kisha giza hurudi. Hicho ni kimondo. Wazee wa pwani walisema kwamba malaika wamemtupia shetani kinga cha moto. Watoto wetu nao huuliza, nasi yatupasa kuwajibu kwa kweli.

Kimondo ni jiwe lililokuwa likizunguka jua. Huingia katika hewa yetu kwa mwendo wa kilometa 11 au zaidi kwa sekunde moja; hewa iliyo mbele yake husongwa na kupata moto mkali, nalo jiwe huyeyuka juujuu na kung'aa. Mengi ni madogo kama chembe za mchanga, nayo huisha huko huko juu. Makubwa hupasuka kwa kishindo, na vipande vyake huweza kufika chini.

Ndivyo ilivyokuwa Mbale, nchi ya Uganda, alasiri ya tarehe 14 Agosti 1992. Jiwe lilipasuka angani, vipande vikaanguka mjini na mashambani, vyote pamoja yapata kilo 150. Kimoja kisichofika gramu 4 kilipita katika majani ya mgomba, kikampiga mtoto kichwani, wala hakuumia.

Lakini la kuhuzunisha lilifuata. Siku zile UKIMWI ulikuwa ukiua watu wengi Uganda, na walio wengi walikuwa hawajafikiwa na dawa ya kuutuliza. Basi wako walioamini kwamba Mungu ameleta dawa. Wakayasaga mawe, wakayala. Tusiwacheke. Aliyepata kuuguza mtu asiye na dawa ajua jinsi mkono unavyonyoshwa kushika lolote. Lakini wataalamu waliyachunguza mawe yale, wakaona ni jiwe lenye chembe za chuma. Mungu aliyeliumba jiwe alituumbia na akili ya kulichungua.

Leo dawa za UKIMWI zipo, na mgonjwa azimezaye kila siku kama alivyoagizwa aweza kuishi miaka mingi. Basi, kimondo kikianguka kwenu, jiwe lipelekeni kwa mwalimu au kwa serikali litazamwe. Mgonjwa mpelekeni hospitali, tena upesi.

Wasalimuni wote wa nyumbani mwenu.