Tusimuache Mtoto Bandarini

Ni jambo la kheri madrasa zetu za Kilwa na Lindi kuwapeleka watoto Kilwa Kisiwani siku za Idi. Huko huuona Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake kongwe ni ya karne ya 11, na husimuliwa kuwa Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akawasifu watu wa mji ule kwa uchamungu wao.

Lakini katika ziara moja, ambayo mimi nilikuwa miongoni mwa waandalizi wake, mtoto atumiaye kiti cha magurudumu aliachwa Kilwa Masoko pamoja na mama yake. Tulisema mashua ni ndogo, mchanga ni mwingi, tutamletea zawadi. Tuliporudi jioni hakuitazama zawadi. Aliuliza, "Ustadhi, mihrabu bado ipo?" Mimi niliyeiona nilikosa uso wa kumjibu.

Ndugu Waislamu, Sura ya Abasa iliteremka kwa sababu ya Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.), kipofu aliyemjia Mtume (s.a.w.) akitaka kufundishwa. Sahaba huyo akawa muadhini, na Mtume (s.a.w.) aliposafiri alimwachia usimamizi wa Madina. Hakuhurumiwa tu, bali alipewa nafasi. Sheria ya nchi kuhusu watu wenye ulemavu ilitungwa mwaka 2010. Sisi tulikwishafundishwa karne nyingi kabla yake.

Tulichokosa siku ile hakikuwa fedha. Nahodha angeambiwa mapema, tungevuka maji yakiwa yamejaa ili mashua isogee ufukweni. Vijana wawili wangembeba mtoto, wengine wakabeba kiti, na mbao mbili zingetosha kupita penye mchanga. Husuni Kubwa iko mbali, juu ya jabali. Tungeiacha, tukatosheka na Gereza na Msikiti Mkuu. Ziara ingekuwa fupi, lakini ingekuwa ya wote.

Tena tusiilaumu bahari peke yake. Misikiti yetu mingapi ina ngazi tatu mlangoni na haina mteremko wa saruji? Mtoto aliyezuiwa na ngazi za msikiti wa mtaani kwake, je, tutashangaa akisahauliwa bandarini?

Basi kamati zetu, kabla ya Idi ijayo, zianze hesabu ya safari kwa mtoto huyo, kisha wengine wafuate.

Wabillahi tawfiq.